Amonia imegoma kushuka kwenye tangi jipya: pima KH kabla ya kununua bakteria

Ndugu, umesema tangi lako halina samaki, umekuwa ukitia kloridi ya amonia ili kukuza bakteria wanaosafisha maji, mwanzoni amonia ikashuka vizuri na nitriti ikapanda, kisha kila kitu kikasimama na pH (kipimo cha uasidi wa maji) sasa inasoma 6. Umeshauriwa ununue bakteria wa chupa. Mimi ningeiacha hiyo chupa dukani. Bakteria unao tayari, maana bila wao nitriti isingeonekana. Kilichokuishia, kwa dalili hizo, ni KH, yaani akiba ya kaboneti majini inayozuia pH isiporomoke.

Nimeandaa matangi mengi kwa njia hii, tena kwa maji laini, na hapa ndipo ninapoona wengi wanakata tamaa bure. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitriti huzalisha asidi. Kaboneti iliyomo majini, ambayo ndiyo tunayoipima kama KH, huimeza asidi hiyo, na pH hutulia. Kaboneti ikiisha, pH huporomoka. Chini ya 6.5 bakteria huzorota, na karibu na 6 kazi husimama au hubaki kidogo mno. Hawajafa, rudisha KH nao wataendelea.

Piga hesabu uone. Dozi ya miligramu 2 za amonia kwa lita, ikishageuzwa yote, hula karibu digrii 0.7 za KH. Maji yaliyoanza na KH 2 humaliza akiba yake kwa dozi tatu tu. Kwenye tangi la kawaida ubadilishaji wa maji hujaza pengo hilo kimyakimya, lakini kipindi hiki watu huogopa kubadilisha maji wakidhani watamwaga bakteria. Hawamwagiki! Wamejishikiza kwenye sponji ya filta, changarawe na vioo; wanaoelea majini ni wachache.

Kwa hiyo toa nusu ya maji na urudishe mapya, ukiwa umeyatia dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha maji yakae kwenye ndoo hakutoshi, kwa sababu klorini huruka lakini kloramini (klorini iliyoungana na amonia) hubaki. Halafu pima KH. Ikiwa bado iko chini ya 4, tumia bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, iliyo tupu bila mchanganyiko. Gramu 6 kwa lita 100 hupandisha KH kwa digrii 2 hivi. Iyeyushe pembeni kwanza, kisha uimimine. pH itapanda, na kwa sasa usiogope. Tangi lingekuwa na samaki ningekuzuia, maana pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu kali. Hii ndiyo raha ya kuandaa tangi likiwa tupu.

Jambo la pili ni nitriti. Kila miligramu 2 za amonia huzaa nitriti zipatazo miligramu 5.4, na vipimo vingi vya matone huishia 5. Ukitia dozi mfululizo, rangi itabaki ileile iliyokolea hata kama nitriti imefika 15 na inaendelea kupanda. Chukua sehemu 1 ya maji ya tangi, changanya na sehemu 9 za maji yaliyotoneshwa, pima, kisha zidisha kwa 10. Ikiwa imepita kiasi, acha amonia kwanza na ubadilishe maji. Nitrati, yaani kile ambacho bakteria hugeuza nitriti kuwa, usiihangaikie sasa, kwani nitriti nyingi huvuruga kipimo chake.

Joto liweke nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, na pampu ya hewa isizimwe. Bakteria hawa hutumia oksijeni nyingi.

Tangi utaliita tayari pale dozi ya miligramu 2 inapoisha ndani ya saa 24, amonia 0 na nitriti 0, kwa zaidi ya siku moja. Endelea kuwalisha bakteria hadi samaki wafike, na kabla hujawaingiza badilisha maji mengi ili nitrati ishuke.

Leo pima KH ya tangi na ya bomba. pH ya bomba ipime baada ya maji kukaa wazi usiku kucha, kwa sababu yakitoka tu mara nyingi huwa na kaboni dioksaidi inayopotosha namba. Tuwekee majibu hapa tukusaidie kukadiria kiasi cha soda.