Disko ya ala tupu yenye sauti ya leo: tatizo liko chini, pale ngoma na besi zinapokutana

Ndugu yangu wa Likasi, umeeleza kuwa umetengeneza disko ya ala tupu kwenye kompyuta, ukaweka ngoma, besi, gitaa na fidla, lakini kila unayemsikilizisha anasema inafanana na kanda ya zamani. Kisha umeuliza ununue programu gani ili isikike ya kisasa. Mimi hutengeneza muziki hapa Lubumbashi, katika chumba kidogo cha Kamalondo, na waimbaji wengi wanaonijia hutaka mdundo wa disko ambao kijana wa leo ataucheza bila kudhani amewekewa muziki wa wazazi wake. Kwa maoni yangu huhitaji kununua chochote. Kinachomfanya msikilizaji aseme "hii ni ya sasa" ni namna ngoma kubwa na besi zinavyogawana nafasi ya chini, na ukishaipanga sehemu hiyo vizuri, gitaa na fidla zinaweza kubaki za mwaka 1978 bila mtu yeyote kulalamika.

Tazama walichofanya Daft Punk, wanamuziki wawili wa Ufaransa, katika albamu yao ya mwaka 2013, Random Access Memories. Walimwita Nile Rodgers, mpiga gitaa wa kundi la Chic lililovuma mwishoni mwa miaka ya 1970, naye akapiga kwa mkono ule ule aliokuwa nao siku zote. Hawakumwomba apige gitaa la kisasa.

Tuanze na mwendo. Mimi hukaa kati ya mapigo 116 na 120 kwa dakika, kwa sababu ukipanda zaidi ya hapo mdundo huanza kuelekea kwenye hausi (muziki wa klabu wa kompyuta), na ukishuka sana unakuwa fanki ya kutikisa kichwa badala ya kucheza. Tuchukue 118. Kwa mwendo huo, pigo moja huchukua takriban milisekunde 508, nusu pigo 254, na robo ya pigo 127. Ziandike namba hizo mahali unapoziona, maana tutazirudia.

Kwa ngoma, muundo wa asili usiuguse: ngoma kubwa katika kila pigo, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) katika la pili na la nne, na matoazi yanayofunguka katikati ya mapigo. Muundo huo huhusishwa zaidi na Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia wa miaka ya 1970, na ndio unaoinua miguu. Kinachobadilika ni sauti ya ngoma kubwa yenyewe. Katika studio za wakati ule walikuwa wakiiziba ngoma kwa mto au blanketi, hivyo ilitoa mlio mkavu na mfupi usio na kina. Leo unachagua ngoma yenye mlio mfupi juu na mkia kidogo chini, karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60. Mkia huo ufe kabla ya nusu pigo, yaani kabla ya zile milisekunde 254, la sivyo utaingia katika zamu ya besi. Matoazi nayo usiyaache yalie kwa nguvu moja kama cherehani, bali badilisha nguvu ya kila pigo kidogo, hasa yale yanayofungwa.

Sasa tufike kwenye besi, ambako mimi hutumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa. Tuseme wimbo wako uko katika ufunguo wa La ndogo (A minor). La ya chini ya besi iko kwenye hezi 55, mahali pale pale mkia wa ngoma ulipo. Besi ya disko hupenda kuruka oktavu, noti ya chini ikianguka juu ya pigo na ya juu ikianguka katikati. Basi kila pigo linapofika, ngoma na La ya chini zinagombania hezi zile zile, na unachosikia ni uvimbe usio na umbo. Huo ndio "uzee" ambao watu wanausema bila kujua jina lake. Dawa ya kwanza ni kuandika besi upya, baadhi ya noti za chini zianze robo ya pigo baada ya ngoma, nyingine zibaki juu ya pigo ili mwendo usipotee. Dawa ya pili ni kompresa, kifaa kinachopunguza sauti inapozidi, iliyowekwa kwenye besi lakini inayoamrishwa na ngoma kubwa, ili besi iiname kila ngoma inapopiga. Mimi huiruhusu ishushe desibeli 3 au 4 tu, ishike haraka, na iachie kwa takriban milisekunde 150, kusudi besi iwe imeshasimama wima kabla ya nusu pigo, noti ya juu inapoingia. Ukishusha desibeli 10, utasikia muziki wote unapumua; baadhi ya watu wanaupenda mtindo huo, lakini gitaa la disko halikai vizuri ndani yake.

Kisha kata noti. Fungua kila noti ya besi na utazame inaishia wapi, kwa sababu anayebonyeza kinanda cha kompyuta huacha noti zigusane, wakati mpiga besi mwenye vidole huzizima. Acha ukimya mdogo kabla ya kila ngoma kubwa. Ukimya huo wa milisekunde 30 au 40 hausikiki wenyewe, ila ngoma itaonekana kubwa zaidi ingawa hujaigusa.

Na kumbuka watu wa kwetu wanasikilizia wapi: katika simu, katika spika ndogo ya bluetooth, katika teksibasi ya kwenda Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa hezi 55. Kwa hiyo ongeza satureshoni (ukwaruzaji mdogo wa sauti) kidogo kwenye besi, itakayozalisha sauti za juu yake, yaani hezi 110, 165 na 220. Sikio likizipata hizo, linaijaza ile ya chini lenyewe. Kila kilicho chini ya hezi 120 kiweke katikati, katika mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia.

Gitaa usilitengeneze kwa kompyuta. Mji huu una wapiga gitaa wa kutosha, na tangu enzi za mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, Katanga imesifika kwa vidole vya gitaa. Shida ni kwamba wengi wamelelewa katika rumba na sebene (sehemu ya gitaa ya kuchezea), ambako nyuzi huachwa zilie na kuitikiana, na disko inataka kinyume chake. Mwambie mwenzako atumie nyuzi tatu nyembamba tu, mkono wa kulia upige robo zote 16 za bari (kundi la mapigo manne) bila kusimama hata mara moja, na wa kushoto ndio uamue: ukibana, akodi (noti kadhaa kwa pamoja) inasikika, ukilegeza bila kuondoa vidole, unasikika mkwaruzo mkavu tu. Akodi nne au tano kwa bari zinatosha, nyingine zote ziwe mikwaruzo. Rekodi mara mbili, mara ya pili ashike akodi zile zile mahali pengine pa shingo ya gitaa, kisha weka moja kushoto na nyingine kulia, na uondoe kwa filta kila kilicho chini ya hezi 180 hivi.

Hapa kuna jambo la mazingira yetu. Gitaa la umeme lenye sumaku za kunasia sauti za koili moja huvuta mngurumo wa umeme, nao uko kwenye hezi 50 na 100, jirani kabisa na ngoma yako. Chomoa chaja ya kompyuta, zima taa za neoni, fanya kazi kwa betri. Umeme ukikatika usikasirike. Hiyo ndiyo saa safi kuliko zote ya kurekodi gitaa, ilimradi jenereta ya jirani isiwake.

Fidla nitazipitia haraka. Fidla za kompyuta zikipiga akodi nene husikika bandia mara moja, lakini zikipiga mstari mmoja katika oktavu mbili, na mwangwi mfupi, hudanganya vizuri. Ukiona bado ni bandia, tumia sintesaiza na ukiri kuwa ni sintesaiza. Mtengenezaji muziki Giorgio Moroder alishaonyesha mwaka 1977, akiwa na mwimbaji Donna Summer, kwamba disko inaweza kubebwa karibu yote na mashine.

Kuhusu mpangilio, bari 16 katika mwendo huu ni kama sekunde 32, na mimi sipitishi muda huo bila kuondoa au kuongeza kitu. Zaidi huondoa. Kutoa besi kwa bari nne halafu kuirudisha kuna nguvu kuliko kuongeza ala ya saba. Kama muziki utabaki wa ala tupu, lazima kuwe na kibwagizo mahali ambapo sauti ya mtu ingekuwa. Kama unamwandalia mwimbaji, pahali hapo paache wazi kabisa, hata kama panakutia wasiwasi ukisikiliza peke yako.

Sauti ya jumla usiipandishe kupita kiasi. Spotify huirudisha hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mpangilio wake wa kawaida, hivyo ukiibana hadi -7 utakuwa umeziua ngoma zako bure. Acha desibeli 1 ya nafasi kileleni. Unapomkabidhi mteja, mpe WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24 pamoja na faili ya kila ala peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri, na uandike mwendo na ufunguo katika jina la faili, maana studio atakayokwenda kurekodi sauti haitakupigia simu kukuuliza.