Barua kwa mwanangu: Makame, Omari na fimbo moja

Wete, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na mamako anakusalimu sana.

Sura za kitabu chako cha hadithi nimezisoma, na swali lako nimelielewa. Omari karudi kutoka masomoni Uskoti na fimbo ya kuvulia kwa chambo cha manyoya. Makame ni mvuvi wa mshipi wa mkono, mtu wa kisiwa cha Kojani. Kila Jumapili wanavua pamoja, na wewe unalalamika kwamba wakianza kuzungumza uvuvi unageuka pambo, wakianza kuvua urafiki unapotea. Unauliza ufanyeje.

Naona umewapa maneno kabla ya kuwapa kazi. Mpe kila mmoja kitu ambacho mwenzake hakiwezi, halafu uone kama utahitaji mazungumzo yote yale.

Anzia kwenye vyombo. Anayevua kwa mshipi wa mkono hutupa uzito. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia, ndilo linalouvuta uzi. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kutupika hata hatua tano. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, uliofunikwa plastiki, wa mita 30 hivi. Mbele yake hufungwa uzi mwembamba usioonekana majini, mita 3 hivi, ndio wenye chambo. Nyuma yake, kwenye kigurudumu, kuna uzi wa akiba wa mita 200 kwa samaki anayekimbia. Fimbo huwa ya mita 2.7 na hupewa namba kwa uzito wa mshipi inaoubeba: namba 8 yatosha kwa samaki wa wastani, kolekole wakubwa wanataka namba 12. Kwa hiyo pale ulipoandika "Omari alitupa chambo kikazama mbali" panafutika, maana hakuna kinachotupwa namna hiyo.

Omari huinua mshipi kutoka majini, anaurusha nyuma, anaisimamisha fimbo ghafla ikiwa imepita wima kidogo, kisha anangoja. Mshipi ukishanyooka wote nyuma yake ndipo anausukuma mbele. Ule muda wa kungoja ndio utakaomshinda Makame. Mkono wake umezoea kuzungusha na kuachia, kwa hiyo atasukuma mbele kabla mshipi haujanyooka. Utalia kama mjeledi na chambo kitakatika. Wakipoteza vitano kwa asubuhi moja, na kila kimoja Omari alikifunga kwa mkono wake usiku, hapo una sura nzima bila ya mtu kusema "nimeudhika". Akingoja kupita kiasi, mshipi huanguka nyuma na kunasa kwenye mivinje. Akisukuma kwa kishindo badala ya kuongeza nguvu taratibu, uzi wa mbele hujipiga fundo dogo, na fundo hilo hupunguza nguvu ya uzi karibu nusu. Mvuvi asiyelikagua humpoteza samaki wa kwanza mzito.

Sasa upepo, maana umewaweka Vumawimbi wakati wa kusi. Pwani ile inatazama mashariki, na kusi hutoka kusini mashariki, yaani mbele kwa upande wa kulia. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia hakuna upepo mbaya kuliko huo: humletea ndoana sikioni. Dawa yake ni kuupitisha mshipi juu ya bega la kushoto, au kugeuka kabisa, ukaipa bahari mgongo na kuachia chambo kwenye ule mrusho wa nyuma. Au wahamishe waende pwani ya magharibi, ambako kusi hutokea nyuma yao kwa kushoto; kazi yote ni kuupenyeza mshipi nyuma dhidi ya upepo. Popote utakapowaweka, Makame asisimame upande wa kulia wa Omari. Mtu wa pili hukaa upande wa pili, hatua ishirini hivi. Ndiyo maana mazungumzo yako marefu hayakubaliki pale: umbali ule, kwa upepo ule, watu hupigiana kelele maneno mawili matatu. Yale ya kina uyapeleke kwenye kubadilisha uzi, kwenye chai ya chupa, kwenye kutembea kurudi, wanapokwenda sambamba kila mmoja akitazama mbele.

Nakuja kwenye jambo ambalo ningekuwa mimi ningelijengea kitabu chote. Trauti mtoni huelekeza kichwa juu ya mkondo na hula akiinuka. Mvuvi akiinua fimbo, ndoana humnasa kwenye pembe ya mdomo. Hivyo ndivyo Omari alivyofundishwa Uskoti. Kolekole hufukuza chambo kutoka nyuma, anakuja moja kwa moja kuelekea kwa mvuvi. Ukiinua fimbo unakichomoa chambo mdomoni mwake na kukirusha juu, na samaki anakimbia. Baharini fimbo hulala, ncha ikielekea majini, na mkono wa kushoto huvuta mshipi mvuto mmoja mrefu mpaka uzito usikike. Usiposikika, chambo bado kimo majini mbele ya samaki na anaweza kukirudia.

Huo mvuto, mwanangu, ndio wa mshipi wa mkono. Makame anaufanya tangu utotoni; kidole chake kinajua changu anayedona na chewa aliyemeza. Basi Omari anarusha mshipi mzuri kupita wote na kila samaki anamponyoka. Makame hawezi kuurusha hata mita kumi, lakini akigusa kitu hakiachi. Wape fimbo moja. Mmoja arushe, ampe mwenzake mshipi mkononi, avute yeye. Kwa mvuvi mstaarabu ni kituko, ila urafiki utauona bila kuutaja.

Samaki akishanasa, mwenye mikono mitupu ana kazi nyingine: mshipi uliolegea miguuni. Utapaa wote kwa sekunde chache, na ukikuta kidole cha mguu, saa ya mkononi au kifungo cha shati, uzi unakatika. Yeye huinama na kuhakikisha njia ni wazi. Kolekole naye hukimbilia mwamba, kwa hiyo mvuvi hukaza hata kama vidole vinaungua. Chewa ni kinyume: akishaingia pangoni kuvuta hakumtoi. Legeza uzi, ungoje dakika kadhaa, mara nyingine hutoka mwenyewe.

Ngalawa uiache kwa mshipi wa mkono. Umemsimamisha Omari juu yake akirusha huku tanga limetwekwa. Mshipi utazunguka mlingoti, ukikosa mlingoti utashika mirengu ya ubavuni, na chombo chenyewe ni chembamba mno kwa mtu anayejipinda kiunoni. Ukiwataka ngalawani, Omari akae omo, yaani mbele, Makame tezi, nyuma, ashike usukani. Omari ajifunze kukumba maji na kutega chambo. Ngisi hukaa vizuri kwenye ndoana kuliko kibua, ambaye nyama yake laini hudonolewa ikaisha. Makame afunge kipande cha mpira wa tairi la ndani kwenye kidole cha shahada uzi usimkate, na siku ya kwanza Omari akatae kukivaa.

Kuna mzaha ambao nakuzawadia. Wavuvi wa namna ya Omari huelekezana samaki alipo kwa uso wa saa, mbele ya chombo ikiwa ndiyo mshale uliosimama wima juu. Omari anaona samaki upande wa kushoto, anasema kwa hesabu ya Kizungu "saa tisa!" Kwa Makame saa tisa ni saa tisa ya alasiri, mshale mfupi unaelekea kulia. Anageukia kulia. Hilo litokee mara moja tu kitabuni, kisha watumie mnazi, mkoko na jahazi lililotia nanga, kama wafanyavyo watu.

Maji. Umeandika mwezi mpevu, na kesho yake saa kumi alasiri wanatembea kwenye mchanga uliokauka. Msomaji wa pwani atakifunga kitabu hapo. Kwetu siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na saa kumi alasiri yamejaa. Kati ya kujaa na kupwa kuna karibu mita 4. Ukiitaka hiyo saa kumi lazima uhamie maji mafu, mwezi ukiwa nusu, lakini wakati huo maji hutembea mita moja tu au kupita kidogo, mchanga mwingi haukauki. Mimi ningebaki na bamvua na kubadilisha saa. Samaki huingia kwenye mchanga wa kina kifupi maji yanapoanza kurudi. Wafike saa tano, maji yakiwa kwenye vifundo. Jua liwe nyuma yao, maana likiwa usoni hawaoni samaki, na Omari awe na miwani ya kuondoa mng'ao. Watembee kwa kuburuta nyayo, wasije wakamkanyaga nyenga aliyejifukia. Kufika saa saba maji yako mapajani na lazima warudi, wawe wamemaliza walichokuwa wakisema au la.

Hiyo Jumapili nayo uitazame. Kwa Omari ni mapumziko. Makame hupumzika Ijumaa, kama wavuvi wengi wa huku. Jumapili ni siku ya kazi anayoipoteza kwa ajili ya rafiki yake, na hakuna mahali ulipoonyesha kwamba Omari anajua. Tena Mkojani hayupo nyumbani mwaka mzima. Atakwenda dago, akae ugenini kwa wiki au miezi. Mpe Omari muda huo peke yake pwani, hana wa kumtazamia mshipi.

Kufunga chambo usikipite mbio, ni kazi ya usiku inayoruhusu mazungumzo. Aelian wa Roma, kama mwaka 200 hivi, alieleza jinsi Wamakedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana, kwa hiyo Makame asishangae sana kuombwa jogoo wa mama yake. Ndoana ibanwe. Uzi uzungushwe kwenye mpini wake mpaka ushike. Machubwi mawili madogo yafungwe juu, robo ya urefu kutoka kwenye tundu, ili chambo kigeuke majini na ncha itazame juu isinase kwenye mwamba. Manyoya meupe ya mbuzi yafungwe upande wa machubwi, kigeuzwe, yafuate nyuzi tatu nne za karatasi inayong'aa ya biskuti, kisha manyoya meusi. Urefu wote uwe mara mbili ya ndoana. Anayejifunza hukosea kwa wingi: manyoya mengi hayazami haraka, na yakisogezwa hadi kwenye tundu hakubaki nafasi ya fundo.

Ugomvi wao umeujenga juu ya mwanamke. Si vibaya, ila umeuacha ule uliokuwa mkononi mwako. Omari humwachia samaki. Amebonyeza kimiba cha ndoana, amelowesha mikono asimtoe utelezi, anamshika majini kichwa kikielekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe. Yote sawasawa. Makame anaona kitoweo cha nyumba nzima kinarudishwa baharini, na atauliza mtu anapata wapi ruhusa ya kumtesa kiumbe kwa mchezo. Ana hoja nyingine ya ufundi: samaki aliyechoshwa muda mrefu kwenye maji ya moto huondoka akifa, au papa humngoja pale pale. Samaki mwenyewe awe kolekole wa kilo sita, wa kuuzika. Changu mdogo hatawagombanisha.

Mwisho, waondoe upande wa magharibi wa kisiwa cha Misali. Kule kuna eneo lisiloruhusiwa kuvuliwa, na Makame analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote kitabuni mwako. Waweke kisiwa cha Fundo au cha Njao, na sura ya nne uniletee ikiwa na saa mpya za maji.

Wasalaam,
Babako