Buti Moja kwa Kazi, Matope na Mvua?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwashi ninayeishi Mokowe, na kila siku ya kazi huvuka kwa boti kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, ambako tunakarabati nyumba za kale za mawe. Mwezi wa Machi nilinunua mabuti ya ngozi kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara, nikaamini yatanivusha masika yote. Mvua ya pili ya mwezi wa Mei, soli ya kulia iliachama kama mdomo wa papa, na ya kushoto ikamegeka vipande vipande kama mkate mkavu. Je, nitalitambuaje buti la kudumu, litakalonifaa kwa kutembea, kwa kazi na kwa mvua?
Msomaji, Mokowe

JIBU: Ndugu yetu wa Mokowe, pole kwa hasara. Umetueleza maradhi mawili kana kwamba ni moja, na ni vyema uyatenganishe kabla hujarudi dukani. Buti la kulia liliachwa na gundi. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa kabla hujalinunua. Soli za mabuti mengi ya kazi hutengenezwa kwa povu jepesi liitwalo poliyurethani, ambalo hutafunwa polepole na unyevu wa hewani hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto kama la pwani yetu huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana buti lililokaa miaka ndani ya boksi, likiwa bado linang'aa, huweza kumegeka siku chache baada ya kuvaliwa.

Kwa hiyo, iwe ni mtumba au ni jipya, anza na soli, ngozi ije baadaye. Likunje buti kwa mikono miwili penye mkunjo wa vidole, kisha ubonyeze ubavu wa soli kwa ukucha wa gumba: ukiona nyufa nyembamba, au kikitoka kitu kama unga, mrudishie mwenyewe. Halafu tazama jinsi soli ilivyoshikishwa. Iliyoshonwa hudumu kuliko iliyobandikwa tu, tena fundi viatu anaweza kuifumua na kutia nyingine. Usidanganywe na mshono wa urembo uliofinyangwa pamoja na mpira. Uzi wa kweli huingia na kutoka katika tundu lake, na ukiugusa kwa ncha ya sindano utauona ukisogea.

Ama kuhusu buti moja la kila kazi, mimi silipendekezi kwa mtu avukaye bahari. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na ikakulazimu kukanyaga tope, vaa gambuti na uyabebe ya ngozi mfukoni. Gambuti hizo hizo zivae unapomimina zege au kuchanganya chokaa, kwa kuwa simenti mbichi na chokaa huunguza ngozi ya mwanadamu na kuikausha ile ya kiatu mpaka ipasuke. Lakini kutembea nazo mchana kutwa ni adhabu: mguu huteleza ndani, na jasho halina pa kutokea.

Ya ngozi, basi, yawe ya kutembea na kupanda jukwaa. Kwa kuwa unashughulika na mawe, tafuta yenye kinga ya vidole iliyopimwa kwa kiwango cha EN ISO 20345, ambacho hutaka kinga hiyo istahimili pigo la jouli 200, yaani karibu sawa na jiwe la kilo 20 lililoanguka kutoka kimo cha mita 1. Penye alama ya S3, ngozi hukinza maji kwa kiasi, soli ina meno, na ndani yake mna tabaka la kuzuia misumari, ambayo katika mbao za nyumba za kale haikosekani. Meno hayo, nikuonye mapema, hukusanya kinyesi cha punda katika vichochoro vya Amu kwa bidii ya kustaajabisha.

Yale yenye utando wa kuzuia maji huuzwa ghali, nami sioni yatakufaa nini: utando hupitisha mvuke wa jasho vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani ya kiatu, na masika ya Lamu hayatoi nafasi hiyo.

Yakiingiwa na maji ya bahari, yasuuze kwa maji matamu jioni ile ile, kwani chumvi huikausha ngozi na kuacha michirizi myeupe. Yajaze magazeti, uyaanike kivulini, mbali na jiko. Yakikaribia kukauka yapake nta ya viatu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwetu hunywewa na ngozi yakailegeza, wala hayabaki juu kuzuia maji.

Yale uliyonayo usiyatupe ikiwa ngozi ya juu ni nzima. Mpelekee fundi viatu ayatie soli ya mpira wa gari, naye ashone, na la kushoto alibandue povu lote kwanza, maana kipande chochote kitakachobaki kitaendelea kumegeka chini ya soli mpya.