Anza na jua la sayari yako

Ndugu yangu, umesema riwaya yako ina sayari 12, zote na wafalme na vita vyao, ila marafiki uliowapa waisome pale mtaani Umoja wanalalamika kwamba hawazitofautishi. Waweke wafalme kando kwanza. Chukua sayari moja tu, ujiulize: jua lake linachomozaje?

Sisi wa Nairobi tuko karibu na ikweta. Saa moja asubuhi kumeshakucha, saa moja jioni giza limeingia, mwaka mzima. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya hilo. Sasa itazame Proxima Centauri b, sayari ya kweli inayoizunguka nyota yake kwa siku 11 hivi. Wanaastronomia wanadhani huenda upande wake mmoja unaielekea nyota daima. Ikiwa ni hivyo, huko hakuna macheo wala machweo. Mama wa chai atafungua kibanda saa ngapi? Mtoto ataambiwaje arudi nyumbani kabla ya giza?

Ile sayari yako ya wavuvi imenigusa sana, anza na hiyo. Andika kurasa mbili za mvuvi mmoja akipaa samaki wake, na mwanga unaoangukia kisu. Zile 11 zisubiri.