Leseni mbili kwa mkupuo: maswali yenu kuhusu kuingia ualimu wa msingi na elimu maalum Pennsylvania

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wa Lancaster, Erie na Harrisburg, na yote yanazunguka jambo moja: mtu anaingiaje kwenye programu ya leseni mbili, ile inayokutoa na leseni ya kufundisha wadogo, chekechea hadi darasa la nne, pamoja na ya elimu maalum, chekechea hadi darasa la 12. Nafundisha Pennsylvania, kwa hiyo najibu kwa masharti ya Pennsylvania. Marekani kila jimbo lina idara yake ya elimu na utaratibu wake. Aliye Arizona au Kentucky asizibebe namba zangu kama zilivyo.

Shikamoo mwalimu. Nimepokelewa chuo kikuu, na barua inasema kozi yangu ni elimu ya awali pamoja na elimu maalum. Mume wangu ameshaanza kuniita mwalimu. Lakini mshauri wa masomo anasema "bado hujaingia programu." Ananibania? (Lancaster)

Marahaba. Hakubanii mdogo wangu, anakuokoa. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kupokelewa na chuo ni geti la kwanza. La pili liko ndani, na funguo wanazo watu wa idara ya ualimu. Unasoma semesta tatu au nne, ukishafikisha kama krediti 48 ndipo unaomba rasmi kuingia programu yenyewe. Hapo watakuangalia wastani wa alama, yaani GPA (A ni 4, B ni 3), ambao kwa kawaida unatakiwa uwe 3.0. Watatafuta krediti 6 za hesabu za ngazi ya chuo na 6 za Kiingereza, uandishi na fasihi. Watataka vibali vya kuonyesha rekodi yako ni safi, na idara nyingine huongeza barua za watu wanaokufahamu kazini, insha na usaili. Asiyevuka hafukuzwi chuo. Anaambiwa kwa upole ahamie kozi nyingine ya mambo ya watoto, ambayo mwisho wake kuna shahada lakini hakuna leseni. Nimewaona watu wamevaa joho, wamepiga picha na ukoo mzima, halafu wanaajiriwa kama wasaidizi wa darasa kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo mapema.

Mtego mkubwa ni hesabu. Ukipimwa mwanzoni ukapangiwa madarasa ya kukunyanyua, yale ya kurudia sehemu na aljebra ya sekondari, unayalipia, unayafanyia mtihani, lakini hayaingii kwenye zile krediti 6. Mtu anafika mwaka wa pili akidhani hesabu amezimaliza, kumbe hajaanza. Chukua hesabu muhula wa kwanza, hata kama unaziogopa. Hasa kama unaziogopa.

Mkiwasikia waliotangulia wakisimulia mtihani wa jimbo wa kusoma, kuandika na hesabu uliokuwa ukiwafungia watu nje, hawakuongopeeni. Mwaka 2022 jimbo liliusimamisha kwa miaka 3, kwa hiyo muulize mshauri wako umekaaje sasa. Krediti za hesabu hazikusimamishwa.

Jambo Mama Mwalimu. Nilifundisha shule ya msingi Uvira miaka tisa, nina D6 ya pedagojia. Jirani yangu Mtanzania ana cheti cha Daraja A. Hapa tunaambiwa hatuna kitu. (Erie)

Kaka, mna kitu, ila hakiitwi mnavyokiita. D6 ni Diploma ya Taifa ya Kongo, na hapa huhesabiwa kuwa umemaliza sekondari. Inakufungulia shahada ya kwanza, basi. Cheti cha Daraja A cha Tanzania, au P1 ya zamani ya Kenya, ni cheti cha ualimu cha baada ya kidato cha nne, kwa hiyo wakaguzi wa vyeti hawakitazami kwa jicho moja: huyu atakupa krediti chache za chuo, yule hatakupa hata moja. Njia fupi, ya kupata leseni bila kurudia shahada nzima, ni ya mwenye shahada tayari. Aliyemaliza shahada ya ualimu chuo kikuu cha Dodoma au Kenyatta anaweza kuomba kuingia moja kwa moja ngazi ya juu. Ninyi wawili mtaanzia chini.

Hatua ya kwanza ni kukaguliwa vyeti. Tumieni shirika lililo mwanachama wa NACES, muungano wa wakaguzi wa vyeti vya nje, ndio ambao idara ya elimu ya jimbo inawakubali, na ombeni ukaguzi wa somo kwa somo. Ule wa bei ndogo unaosema tu "huyu ana diploma" hautakuhamishia krediti hata moja. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe kwanza na mtafsiri anayekubalika.

Halafu bahasha. Mashirika mengine hutaka matokeo yatoke chuoni kwenyewe, bahasha imefungwa na muhuri juu ya ulimi. Yangu alikwenda kuifuata binamu yangu. Mtu mwema, mwaminifu, tatizo ni kwamba aliifungua "kuhakikisha hawajakosea jina lako." Jina lilikuwa sawa. Bahasha ilikataliwa, nikasubiri miezi mitatu mingine, na hadi leo kwenye harusi za ukoo tukikutana anaanza kucheka kabla sijasema lolote. Mtumeni mtu asiye na udadisi.

Kama vyeti viliungua au vilibaki kambini, msikae mkingoja muujiza. Fanyeni GED au HiSET, mitihani inayosimama badala ya cheti cha sekondari, kisha anzieni kominiti koleji, chuo cha miaka miwili. Erie mnayo yenu tangu 2021, na Lancaster kuna tawi la HACC, kominiti koleji ya Harrisburg. Kabla ya kujiandikisha darasa lolote, nenda na karatasi kwa mshauri wa chuo kikuu unachokilenga umuulize: krediti hizi mtazipokea? Akijibu, muombe aandike.

Ile miaka tisa ya Uvira haitageuka krediti. Kwenye insha na usaili, hata hivyo, wenzako wa miaka 19 hawana cha kuiweka kando yake.

Nina krediti 30 na GPA ya 2.7. Nimekwisha? (Harrisburg)

Bado, ila tupige hesabu badala ya kuomba dua peke yake. Krediti 30 kwa 2.7 ni pointi 81. Ili uwe na 3.0 ukifika krediti 48 unahitaji pointi 144. Zimebaki 63, na krediti zimebaki 18. Gawanya: 3.5. Yaani kuanzia sasa A na B zikaribiane kwa idadi, na C isionekane. Ukishindwa hapo, ukingoja hadi krediti 60 mzigo unashuka, unahitaji wastani wa 3.3 kwa zile 30. Kuchelewa geti semesta moja si aibu. Uliza pia kama chuo chako kinafuta alama ya zamani ukirudia somo, maana D moja ikigeuka B inakubeba kuliko masomo mawili mapya ya B. Na punguza zamu za usiku ghalani. Najua ni rahisi kusema.

Mwalimu, hivyo vibali vya rekodi vinanitisha. Nilipigwa tiketi mbili za barabarani, na mwaka juzi shule iliwahi kupiga simu ustawi wa jamii kwa sababu mwanangu alisema nimemchapa. Nimeshajifungia? (hakutaja mji)

Vibali ni vitatu: rekodi ya polisi wa jimbo, rekodi ya unyanyasaji wa watoto, na alama za vidole zinazokwenda FBI. Juu yake kuna fomu ambayo wewe mwenyewe unatangaza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa makosa yaliyoorodheshwa. Tiketi za mwendo kasi hazimo.

Hilo la pili dada yangu halitaki kubahatisha. Kupigiwa simu ni kitu kimoja, jina lako kuingizwa kwenye daftari la jimbo ni kingine. Uchunguzi ukifungwa kwamba hakuna ushahidi, kibali hutoka safi. Wakati ule ulipaswa kupokea barua inayosema matokeo. Itafute. Usipoipata, omba kibali cha unyanyasaji wa watoto sasa hivi, kabla hujalipa ada ya semesta nzima. Kikija na jina lako, kamuone wakili wa msaada wa kisheria kuhusu rufaa. Usidanganye kwenye fomu. Kosa la zamani mara nyingine linajadilika, uongo wa juzi hauna mjadala.

Naomba unisomee insha yangu ya kujiunga. Nimeandika kwa nini nataka elimu maalum. (Lancaster, msaidizi wa darasa)

Nimeisoma mara mbili. Inaanza: "Tangu utotoni ninawapenda watoto, na watoto wenye ulemavu ni malaika wa Mungu." Futa. Kamati inasoma sentensi hiyo siku nzima, kwa lugha zote. Tena malaika hafundishwi kusoma, anastaajabiwa tu. Wanatafuta mtu atakayemfundisha.

Shuka hadi aya ya nne, umezika dhahabu pale. Unasema kuna mvulana wa darasa la pili ambaye kengele ikilia alikuwa anajitupa chini ya meza akiziba masikio. Ukaanza kumwekea kadi ya picha ya kengele mezani dakika mbili kabla, unagonga kadi kwa kidole, anavaa vizibo vyake vya masikioni, mnasimama mlangoni pamoja. Wiki ya tatu akaanza kuigonga kadi mwenyewe. Hiyo ndiyo insha. Ihamishie juu, kisha ueleze ulichojifunza: kwamba alikuwa anaogopa kushtukizwa, ukaidi haukuwepo.

Halafu ongeza kitu kimoja ambacho karibu kila mwombaji wa leseni mbili anakisahau. Kwa nini mbili? Wengi hueleza upande wa elimu maalum kwa machozi, na upande wa msingi wanaupa mstari mmoja. Kamati inajiuliza kama wewe hutaki tu njia ya mkato ya ajira. Jibu liko kwa mvulana huyo huyo. Sheria ya shirikisho ya 1975, iliyopewa jina la IDEA mwaka 1990, inamtaka asome pamoja na wenzake kadiri inavyowezekana, kwa mpango wake binafsi wa masomo, IEP. Kwa hiyo asubuhi yuko kwenye kutoa kwa kukopa na wenzake 22, mchana yuko na wewe meza ya pembeni. Mwalimu anayejua kadi ya kengele lakini hajui kufundisha kukopa atamtuliza tu. Anayejua kukopa lakini hajui kadi atampeleka ofisini kila siku. Andika hivyo kwa maneno yako, na utumie mfano wako wa hesabu.

Tena usiandike "mtoto wa hivi." Najua nyumbani tunasema hivyo tukishusha sauti. Hapa taja mtoto kwanza, hali yake baadaye.

Mimi si raia, nina kibali cha kazi tu. Nitapewa leseni? Na hela? (Erie)

Leseni: zamani Pennsylvania ilitaka raia, au mwenye viza ya uhamiaji aliyetangaza nia ya kuwa raia. Sheria ya mwishoni mwa 2023 ililegeza, sasa mwenye kibali halali cha kazi anaweza kuomba. Msaada wa serikali ya shirikisho kwa wanafunzi ni habari nyingine, unaangalia hadhi yako ya uhamiaji. Kibali cha kazi peke yake hakitoshi, na mwenye viza ya mwanafunzi hapati.

Ukistahili, utaonyeshwa TEACH Grant, ruzuku ya shirikisho kwa wanaosomea ualimu, hadi dola 4,000 kwa mwaka. Soma maandishi madogo. Inataka GPA ya 3.25 au alama za juu kwenye mtihani wa kujiunga na chuo, na inataka ufundishe miaka 4 kati ya 8 baada ya kumaliza, katika fani yenye uhaba, kwenye shule ya watoto wa kipato cha chini. Elimu maalum inahesabika. Ukipata leseni mbili kisha ukachukua darasa la pili la kawaida, huenda haihesabiki, na ruzuku inageuka mkopo wenye riba ya kuanzia siku uliyopokea hela.

Kikwazo ambacho hamniulizi ni mafunzo ya vitendo mwishoni: wiki zisizopungua 12, kutwa nzima, na kwa kawaida bila mshahara. Tangu 2024 wakala wa jimbo wa misaada ya wanafunzi, PHEAA, hutoa dola 10,000 kwa mwanafunzi aliye kwenye mafunzo hayo, na 5,000 zaidi kwenye shule zinazokosa walimu, kwa sharti la kufundisha Pennsylvania miaka 3. Mwaka wa kwanza waombaji walizidi fedha kwa mbali. Siku dirisha linapofunguliwa uwe umekaa mbele ya kompyuta na nyaraka zote kwenye faili moja. Mimi enzi zangu hakikuwepo kitu hicho, nikahamia sebuleni kwa dada yangu wiki zote 12, na mkeka wangu bado anao.