Maswali yenu: Sayansi ya data ni ya idara ipi?

Mwalimu, nina shahada ya sosholojia. Nikiomba uzamili wa sayansi ya data, si nitaonekana nimepotea njia?

Hujapotea. Kozi nyingi za uzamili hupokea watu wa fani mbalimbali, ila zitakuuliza kama umepitia takwimu, hesabu za matriki (majedwali ya namba) na uandishi wa programu. Kama muda ni mchache, anza na takwimu; lugha ya programu ya Python utaipata njiani. Mimi humwonea mashaka zaidi yule anayeandika programu kama maji lakini hajawahi kujiuliza dodoso lilijazwaje na nani.

Kwa nini mradi mmoja wa sayansi ya data uhusishe idara tatu? Mtu wa kompyuta hawezi kuumaliza peke yake?

Kuumaliza ataumaliza. Swali ni kama alichomaliza ndicho kilichotakiwa.

Chukua jedwali la wagonjwa, safu ya umri: 34, 7, 61, 99, 99, 22, 99. Kompyuta inaona wazee watatu. Karani aliyezijaza fomu hizo atakwambia kwamba 99 huandikwa pale umri usipojulikana. Bila kumuuliza, wastani unatoka miaka 60. Ziondoe hizo 99, unashuka hadi 31.

Hilo angalau linaonekana kwa macho. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilitabiri gharama za matibabu, si ugonjwa wenyewe. Fedha zilizotumika kuwatibu wagonjwa Weusi zilikuwa kidogo kuliko za Wazungu wenye hali ileile, basi wakahesabiwa kuwa na nafuu wasiyokuwa nayo. Hesabu haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa kuchukua gharama kama kipimo cha ugonjwa. Miongoni mwa waliolifichua walikuwamo daktari na mchumi, na sishangai. Anayejua pesa za matibabu huenda kwa nani ndiye anayelishtukia jambo kama hilo.

Takwimu na sayansi ya data zinatofautiana wapi?

Hakuna ukuta kati yake. Mwanatakwimu John Tukey aliitetea kazi ya uchambuzi wa data kama sayansi tangu 1962. Kilichoongezeka ni kazi ya kukusanya, kuhifadhi na kusafisha data nyingi kwa kompyuta. Ukikuta kozi ya sayansi ya data isiyo na takwimu, ikimbie.

Tumefuta majina kwenye data za wagonjwa. Bado tupeleke maombi kwenye kamati ya maadili?

Pelekeni, msijiamulie wenyewe. Mwaka 2000 mwanasayansi wa kompyuta Latanya Sweeney alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5 vilitosha kumtofautisha kila mmoja katika takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Jina halikuhitajika. Mahali pa tarehe kamili wekeni kundi la umri, na mahali pa mtaa wekeni eneo pana zaidi, kama swali lenu linaruhusu.

Nina wasimamizi wawili wa uzamivu. Wa kompyuta anataka nibuni modeli mpya (mfumo wa hesabu wa kutabiri kutokana na data), wa biolojia anataka jibu la swali lake basi. Nimsikilize nani?

Usiwe tarishi wa kupeleka maneno ya huyu kwa yule. Waombe wakae nawe pamoja, uje na ukurasa mmoja: swali la utafiti, sura ipi ya tasnifu inasimamiwa na nani, na makala zitapelekwa jarida la fani gani.

Kabla ya hapo, ulizia ofisi ya uzamili tasnifu yako itatahiniwa na idara ipi. Mtahini wa kompyuta anaweza asivutiwe na ugunduzi uliopatikana kwa modeli ya kawaida, na wa biolojia asijali hata kidogo kwamba modeli yako imeizidi ya zamani kwa pointi mbili za usahihi. Kama kanuni zinaruhusu, omba watahini kutoka pande zote mbili. Na kikao hicho kifanyike kabla pendekezo lako halijapitishwa. Likishapita, kila msimamizi atakuwa na nakala yenye saini ya kukuonyesha.