Treni ni ile ile, unapiga picha ya nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi simu hapa Makambako, nina miaka 24. Nikifunga kibanda mapema huenda kando ya reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, kuisubiri treni ya mizigo niipige picha kwa simu. Ya abiria hainivuti sana. Mchumba wangu ananiuliza: treni ni ile ile, mabehewa ni yale yale, picha ya jana na ya leo zina tofauti gani? Nimekosa la kumjibu. Halafu picha zenyewe zinatoka kichwa cha treni kikiwa cheusi tii na anga jeupe. Nisaidie kwa yote mawili. — Fundi, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniandikia mtu mwenyewe hasa. Mimi ni mtoto wa kota za reli pale Mlimba, baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, na nimezeeka bado naacha chungu jikoni nikisikia honi.

Mwambie mchumba wako kwamba si ile ile. Inayopanda kutoka Mlimba kuja kwenu inaelekea Zambia, pengine na mbolea, pengine na mzigo mwingine ulioshushwa bandarini Dar es Salaam. Inayoshuka kutoka kwenu inapeleka shaba baharini. Ya kupanda utaisikia mapema kabla hujaiona, kichwa kinanguruma kwa nguvu zote na mwendo ni mdogo, na hiyo ndiyo bahati ya mpiga picha. Ya kushuka ni nyingine kabisa: kichwa kimetulia, breki ndizo zinazolia, na ikishapita inaacha harufu ya chuma kilichopata moto. Sisi watoto wa Mlimba tulijua tukiwa kitandani kama mabehewa yamejaa au hayana kitu. Debe tupu haliachi kuvuma: matupu hugongana na kulia kila kiungo, yaliyojaa hupita na mngurumo wa chini unaotikisa vikombe kabatini.

Kichwa nacho kina ukoo wake. Vile vya kwanza vilivyokuja na Wachina miaka ya 1970 vilikuwa vya dizeli-haidroli, yaani nguvu ya injini hupitia mafuta kabla ya kufika magurudumuni, na kile kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako kilivielemea. Kama umeshakipita ukiwa abiria, unakijua: mahandaki mfululizo, makorongo, daraja la Mpanga lililosimama juu ya nguzo za takribani mita 50. Miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme, ambavyo injini huzalisha umeme wa kuzungusha magurudumu, aina ya U30C, muundo wa General Electric, vikaundwa Ujerumani Magharibi. Nguvu farasi 3,000, ekseli sita. Hivyo ndivyo baba alivyoviamini. Alikuwa akisema treni yenye kichwa hicho inamfikisha nyumbani. Baadaye vikaja vingine vipya kutoka China. Kwa hiyo ukiniletea picha mbili za treni ya mizigo ya Makambako, kitu cha kwanza nitakachotazama ni uso wa kichwa na namba yake, na nitakwambia kama ni treni moja au ni mbili tofauti.

Sasa nikueleze kwa nini nami, kama wewe, naitazama ya mizigo kuliko ya abiria. Reli hii ilijengwa kwa ajili yake. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini, katika nchi zilizotawaliwa na walowezi. Januari 1973 serikali ya walowezi ya Ian Smith ikafunga mpaka wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia. Wakati huo mafundi wa China, Tanzania na Zambia walikuwa bado wanatandika mataruma huku kwetu. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi hiyo, na wengi wamezikwa kwenye makaburi yao Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Unapoipiga picha treni ya shaba ikishuka kutoka Makambako, umeipiga picha sababu ya reli yenyewe kuwepo. Hilo mchumba wako hajalisikia bado, na wala si kosa lake. Sisi tunaopenda reli tunasimama pale tumenyamaza, tukidhani kila mtu anaona tunachokiona.

Tena ni wakati wake. Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana nimeona kwa macho yangu nyasi zikiota katikati ya njia za kupishania. Lakini reli ikifufuliwa vitu vinabadilika: vichwa vya zamani vinaondolewa, mabehewa yenye kutu yanakatwa chuma chakavu, majengo yanapakwa rangi nyingine. Picha za viongozi wakizindua zipo na zitakuwepo. Za treni ya kawaida, siku ya kawaida, Makambako, katika ukungu wa mwezi wa saba, ni nani mwenye nazo? Ni wewe. Baba yangu aliandika namba za mabehewa kwenye madaftari ya kazi miaka yote, na alipostaafu madaftari yakaishia kuwashia moto. Kitu hicho kinaniuma mpaka leo. Kwa hiyo, nakusihi, usihifadhi picha tupu. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya kichwa, ilikuwa inapanda au inashuka, na mzigo kama umeuona. Weka nakala mahali pa pili nje ya simu. Wewe fundi simu unajua zaidi yangu jinsi simu zinavyokufa.

Kuhusu weusi wa kichwa: unapiga jua likiwa nyuma ya treni, na simu inapima mwanga wa anga. Hama upande, jua liwe mgongoni kwako. Kabla treni haijafika, gusa kioo pale kichwa kitakapokuwa, si mawinguni, kisha ushushe mwanga kidogo tu ikihitajika. Saa sita mchana achana nayo, maana jua likiwa utosini magurudumu na chini yote ya kichwa humezwa na kivuli. Asubuhi na alasiri ndizo saa zako. Tafuta kona, usimame upande wa ndani, ili mkia wa treni uonekane pamoja na kichwa. Treni ya mizigo bila mabehewa yake ni kichwa tu. Na piga mapema. Vijana wengi husubiri kichwa kijae kiooni, wakibonyeza kimeshapita nusu.

Mchumba wako mpeleke mara moja, jioni, treni ikipanda. Asipoipenda, muache, usimpeleke tena.

SWALI: Kwa nini Kidatu mizigo hushushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye jingine, wakati reli zote mbili zinazokutana hapo, ya kati na TAZARA, ziko Tanzania? — Msomaji, Kilosa

JIBU: Kwa sababu ya milimita 67. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, ili iungane na reli ya Zambia na zile za kusini mwa Afrika. Behewa la huku haliwezi kukanyaga njia ya kule. Ukipata ruhusa, nenda Kidatu na kamera: mahali ambapo unaweza kuona vipimo viwili vya reli vikikaribiana hivyo ni pachache, na mimi napapenda mno.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, tunakaa Ifakara, ananisumbua nimpeleke kutazama treni ya mizigo. Naogopa. Je, kuna namna salama? — Baba wa Ifakara

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na uoga wako ni wa haki. Usimpeleke porini kando ya tuta, mpeleke stesheni. Mwone stesheni masta kwanza, mwambie umemleta mtoto kutazama, na kama utapiga picha sema hapo hapo. Reli na madaraja ni mahali panapolindwa, na mtu anayeinua kamera bila kujitambulisha huwapa walinzi wasiwasi. Ukijitambulisha, mara nyingi utakuta watu wa reli wanafurahi mtoto kupenda kazi yao.

Mshike mkono muda wote na mkae mbali na ukingo. Mabehewa ya mizigo yana kamba za maturubai zinazoning'inia na mara nyingine kipande cha mzigo kilichochomoza, na hivyo humpiga mtu aliyedhani treni imeshampita ilipopita kichwa. Treni iliyojaa haisimami kwa kuombwa. Dereva akikuona na kufunga breki, bado itakwenda mamia ya mita. Mfundishe kwamba ya kushuka mlima huja karibu bila sauti ya injini. Na visikizi vya simu masikioni, hata wewe mwenyewe, hapana.

Saa ya kwenda ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa treni ya mizigo haina ratiba inayobandikwa. Lakini njia ni moja, treni hupishana stesheni tu. Uliza siku na saa ya treni ya abiria, nendeni mapema kabla ya hapo, kwani ya mizigo mara nyingi huingizwa njia ya pembeni kuipisha. Hapo mtoto ataitazama ikiwa imesimama, atahesabu mabehewa yote bila haraka, na akimpungia dereva mkono, usishangae akijibiwa kwa honi.